Kupima presha ya bomba la gesi ya kupikia baada ya kulikarabati

Somo hili ni la mafundi wa Arusha na Moshi wanaohudumia majiko ya hoteli, shule na migahawa, ambako mitungi inakaa nje na bomba linapita ukutani hadi jikoni. Ukikata kipande na kuunga kingine, povu la sabuni peke yake halitoshi. Povu linakagua kiungo unachokifikia. Geji, yaani kipima presha, inakagua bomba zima, hata lililofunikwa na plasta.

1. Toa gesi. Funga mitungi, itenganishe, iweke mbali. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni na kwenye mifereji. Acha milango wazi, hata kama ni Julai na baridi ya Arusha inauma.

2. Tenga bomba. Ondoa regulata (kifaa kinachopunguza presha ya gesi), mipira na majiko, kisha ziba kila ncha kwa kizibo cha kukaza kama skrubu. Usiiamini koki iliyofungwa: ikipitisha kidogo tu, geji inashuka na unaanza kubomoa ukuta usio na kosa. Valvu za jiko nazo zimetengenezwa kwa milibar 30 hivi (bar 1 ni milibar 1,000), presha ya kupimia inaziharibu.

3. Chagua presha na geji. Kanuni ya NFPA 54 ya Marekani, inayohusu mabomba ya gesi majengoni, inataka mara 1.5 ya presha ya kazi, na isipungue psi 3, yaani bar 0.2 hivi. Kwa hiyo bomba la milibar 30 lipime kwa bar 0.2, la bar 1, kati ya regulata mbili, kwa bar 1.5. Namba ya mwisho kwenye geji isizidi mara tano ya presha ya kupimia. Hapa ndipo wengi wanapokosea: geji ya bar 10 kwenye kipimo cha bar 0.2, sindano haijanyanyuka vizuri, na fundi anasema bomba limeshika.

4. Jaza polepole kwa hewa au nitrojeni. Fika nusu, paka povu kwenye viungo, kisha malizia. Funga valvu ya kujazia na uchomoe pampu kabisa. Subiri dakika 15 hewa itulie.

5. Soma. Nyumba ndogo, dakika 10 kwa uchache. Hoteli, nusu saa. Sindano isishuke. Bomba likipita juani, pima asubuhi na mapema au siku ya mawingu. Arusha, presha ya anga ni kama bar 0.86, kwa hiyo bomba lenye bar 0.2 kwenye geji lina jumla ya bar 1.06; likipoa nyuzi joto 3 tu, linapoteza milibar 10 bila kuvuja popote.

6. Rudisha vifaa, fungua gesi, upake povu kwenye viungo vyote ulivyovifungua. Hivyo havikuwamo kwenye kipimo.

Maswali ya mafundi

*Majengo, Moshi:* Fundi, ninao mtungi wa oksijeni wa kuchomelea. Nijazie huo?

Hapana, kaka, kamwe. Oksijeni ikikutana na mafuta au grisi ndani ya bomba inaweza kulipuka. Nitrojeni nayo ipite kwenye regulata yake, maana mtungi uliojaa unaweza kuwa na bar 200.

*Njiro, Arusha:* Nimekaza nati moja tu iliyolegea. Napima upya yote?

Kwa kazi ndogo hivyo, kanuni ya NFPA 54 inaruhusu ukaguzi na povu. Tumia sabuni isiyo na amonia, maana amonia inapasua viungo vya shaba njano (brasi).

*Sakina, Arusha:* Mbona mabomba makubwa ya gesi asilia hupimwa kwa maji?

Kwa presha kubwa, hewa iliyobanwa inabeba nguvu nyingi. Bomba likipasuka, vipande vinaruka. Maji hayabaniki sana, presha inaisha mara moja. Huko, kipande kipya cha bomba kuu sheria ya Marekani inakidai presha ileile ya bomba jipya mahali hapo, na kinaweza kupimwa kabla ya kufungwa. Kwenye bomba la jikoni usiweke maji: yakibaki yanaleta kutu na kuharibu regulata.