Jinsi ya kuomba tuzo na ruzuku za upasuaji wa ubongo ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Dokta, kama uko hospitali ya Meta, Tosamaganga, Ilembula au Ikonda na moyoni unautaka ubingwa wa upasuaji wa ubongo na mgongo, usidhani hela zote za huko nje zimeshapangiwa watu wa Dar. Kuna tuzo na ruzuku zilizowekwa makusudi kwa ajili ya wanawake, watu weusi na madaktari wa nchi zenye hospitali chache, na mara nyingi waamuzi wanamtafuta mtu wa hospitali kama yako ila hawamwoni kwa sababu hajaomba, au kaomba kwa maneno yale yale ambayo kila mtu kayaandika.

Kwanza elewa hela hizi zinatoka wapi, maana ukijua sababu yake utajua cha kuandika. Hii fani kwa miaka mingi ilikuwa ya wanaume wa hospitali kubwa za nchi tajiri. Marekani daktari mweusi wa kwanza kuthibitishwa na bodi yao ya upasuaji wa ubongo ni Clarence Greene, 1953, mwanamke wa kwanza ni Ruth Kerr Jakoby, 1961, na mwanamke mweusi wa kwanza kufika huko, Alexa Canady, ni mpaka 1984. Huku kwetu Rwanda ilipata mwanamke wake wa kwanza wa fani hii 2018, Claire Karekezi, na Uganda wa kwanza ni Juliet Sekabunga Nalwanga. Mwaka huo huo wa 2018 ukatoka utafiti mkubwa uliokadiria kwamba kila mwaka watu milioni 22.6 duniani wanapata tatizo linalohitaji jicho la daktari wa ubongo, milioni 13.8 kati yao wanahitaji kupasuliwa kabisa, na zaidi ya milioni 5 hawapati hiyo huduma, wote wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Walisema wanahitajika madaktari wapya zaidi ya 23,300 wa fani hii. Sasa ukiona tangazo la tuzo limeandika utofauti, usawa na ujumuishi, nyuma yake ndio kuna hesabu hizo.

Pa kutafuta. Kama bado ni mwanafunzi au uko intern, jiunge na AFAN, chama cha vijana wa Afrika wanaotaka kuwa madaktari wa ubongo, maana huko ndiko matangazo yanapita mapema na unapata watu wa kuandika nao utafiti. Ukishamaliza intern na kusajiliwa na baraza la madaktari, angalia COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji cha Afrika mashariki, kati na kusini, makao yake Arusha, hawa unasomea hospitalini ukiwa kazini, hukai darasani, na ndani yao kuna WiSA, umoja wa wanawake wapasuaji ulioanza 2015. Dada zangu, hapo WiSA msipapite juu juu, kuna ufadhili wa wanawake tu unaopitia COSECSA, na hata usipopata hela utapata dada aliyetangulia wa kukusomea barua yako. Nyumbani kuna chuo cha MUHAS kupitia MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, na kuna mpango wa Wizara ya Afya wa kusomesha mabingwa na mabingwa bobezi unaobeba jina la Rais Samia, huo ongea na mganga mfawidhi wako mapema maana mwajiri akikataa kukuruhusu umekwama. Nje kuna kituo cha Rabat, Morocco, cha shirikisho la dunia la madaktari wa ubongo, WFNS, kilichoanza 2002 kwa ajili ya Waafrika, na Karekezi mwenyewe kapita pale, ila kule Kifaransa kinatumika kwa hiyo usiende na Kiingereza peke yake. WFNS wana tuzo za madaktari vijana kwenye mikutano yao pia, na Marekani chama cha wanawake wa fani hii, WINS, kina ufadhili wa safari wenye jina la Louise Eisenhardt.

Angalizo moja kuhusu Marekani. Januari 2025 serikali yao ilifuta programu zake za utofauti na ujumuishi, na baadhi ya taasisi zikabadilisha majina na masharti ya tuzo zao. Kwa hiyo tangazo la 2023 ulilotumiwa WhatsApp na mtu usiliamini, fungua tovuti yao yenyewe usome masharti ya mwaka huu, na kama neno lililokuwepo halipo tena andika kuhusu kazi na wagonjwa wako, hayo hayajafutwa na mtu.

Sasa tuje kwenye kuandika, hapa ndipo wengi wanapigwa chini.

Barua nyingi ninazoletewa kuzipitia zinaanza hivi: nimezaliwa familia ya wakulima, tangu utotoni nilikuwa na ndoto ya kusaidia jamii. Sio uongo, ila mwamuzi anayesoma barua mia kashaiona hiyo sentensi hadi imemchosha, na haimwambii chochote kuhusu wewe. Umaskini wako hauna alama yoyote. Alama ziko kwenye kitu ambacho wewe unakijua na yeye hakijui, na kitu hicho kiko kwenye rejista ya theatre na ile ya emajensi. Omba ruhusa kwa mkuu wa idara, kaa nayo. Ni lile daftari kubwa la jalada gumu, kona zimeshaliwa, ndani kuna safu ya jina, umri, kijiji, tatizo, kilichofanyika. Hesabu miezi mitatu tu. Wangapi waliletwa na jeraha la kichwa, wangapi bodaboda, wangapi watoto wenye kichwa kikubwa au mgongo wazi, wangapi wameandikiwa rufaa, na kati ya hao wangapi wana alama yoyote inayoonyesha walifika. Utakuta safu ya GCS, yaani kipimo cha fahamu, iko tupu ukurasa mzima, mtu kaandika tu hajitambui. Hiyo safu tupu ni dhahabu kwenye barua, kwa sababu ukiandika kwamba hospitali yenu haijazi kiwango cha fahamu cha mgonjwa wa kichwa na wewe umeanza kuwafundisha manesi wa zamu ya usiku kukijaza, mwamuzi tayari anaona mtu wa kupewa hela.

Afu weka umbali. Mtu wa Geneva hajui kwamba kutoka Mbeya mpaka Muhimbili ni zaidi ya kilomita 800 za barabara na kuna mlima Kitonga katikati. Mwambie. Mgonjwa mwenye damu inayomkandamiza ubongo anahesabiwa masaa, safari hiyo kwa gari la wagonjwa ni siku nzima au usiku mzima, na anayeweza kutoboa fuvu akaitoa ile damu karibu na ajali ilipotokea, iwe Mbalizi, Inyala au Mafinga, ndiye anayeamua huyo mtu anapona au la. Ukieleza hivyo huna haja ya kusema fani hii ni muhimu kwa jamii.

Kama zile hesabu unataka kuzipeleka kwenye kongamano au jarida, hapo ruhusa ya mkuu wa idara haitoshi, pitia kamati ya maadili, Mbeya ipo ya kwetu, MMREC, na anza mapema maana inachukua muda. Majina ya wagonjwa usiyaguse kabisa. Majarida mengi yanatusamehe ada ya kuchapisha au yanaipunguza kwa vile tuko Tanzania, uliza kabla hujatuma, na makala za kusoma zipo bure kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani, kama chuo chako kimejiandikisha.

Likija lile swali la wewe umefanya nini kuhusu ujumuishi, wengi wanajibu mimi ni mwanamke, au mimi natoka Afrika, wakaishia hapo. Hilo ni jibu la wewe ni nani, wao wameuliza umefanya nini. Kama ulienda shule ya Loleza au Iringa Girls kuongea na wasichana wa sayansi, taja, lini na mlifanya nini. Kama uliwatafsiria wazazi wa mtoto wa kichwa kikubwa maelekezo ya kuangalia mpira aliowekewa wa kupitisha maji, taja. Hata kumwachia intern wa kike ashike kisu cha kwanza wakati wenzake wote wanamtuma akachukue vipimo, ni ujumuishi huo.

Barua za wadhamini. Usimtumie bosi wako linki ya fomu bila kumwona. Nenda ofisini, shikamoo dokta, mweleze unaomba nini na kwa nini yeye, mpe walau wiki nne, mwachie karatasi moja yenye vitu ulivyofanya chini yake pamoja na tarehe. Na dada zangu nisikilizeni hapa, madaktari wetu wakimsifia mwanamke wanaandika mpole, mtiifu, anashirikiana vizuri na wenzake, wakimsifia mwanaume wanaandika ana mikono mizuri na anaamua haraka. Mwamuzi wa tuzo ya upasuaji anampa nani? Kwa hiyo kwenye ile karatasi andika upasuaji ulioshiriki na ulichofanya kwa mkono wako, umwombe kwa heshima agusie hayo. Hatokasirika, wengi wanashukuru kupunguziwa kazi.

Hela sasa. Soma kama wanalipa kabla au wanarudisha baada, maana tuzo nyingi za safari ni za kurudishiwa, yaani tiketi, viza na hoteli unatoa wewe kwanza, kwa mshahara wa intern hiyo ni tuzo ya jina tu. Ukikuta hivyo waandikie uwaulize kama wanaweza kulipa tiketi moja kwa moja, swali halikuondoi kwenye mashindano. Kwenye bajeti weka safari za Dar, kwa sababu alama za vidole za viza na usaili viko kule, na unaweza kwenda zaidi ya mara moja, weka nauli na malazi. Kama una mtoto mchanga uliza kama hela ya mlezi inaruhusiwa, na kama ufadhili ni wa miaka uliza ukipata ujauzito unasimamishwaje. Tuzo inayojiita ya usawa halafu haina jibu la swali hilo, mimi naitilia shaka.

Dedilaini. Wakiandika saa 11:59 usiku za mashariki mwa Marekani, kwetu ni kesho yake asubuhi, saa 1 kasoro dakika moja wakati wa kiangazi chao au saa 2 kasoro dakika moja wakati wa baridi yao. Usicheze na hiyo, tuma siku mbili kabla, umeme wa kwetu unaujua.

Matapeli wapo. Imeli inayokupongeza kwa tuzo ambayo hukuiomba, kongamano linalotaka ulipe usajili kwanza ndipo upewe ngao, mtu anayetaka ada ya kuchakata maombi kwenye namba ya simu, achana nao. COSECSA wana ada zao za kweli ila ziko kwenye tovuti yao na zinajulikana, tofauti unaiona.

Na kwa wakubwa wa hospitali na vyuo huku kwetu wanaotaka kuanzisha tuzo yao ndogo, inawezekana hata kwa hela ya simu nzuri moja. Lipeni kabla. Ficheni majina na jinsia za waombaji wakati wa kusahihisha, mlete mwamuzi mmoja wa nje ya hospitali, matokeo yabandikwe ubaoni na alama zake. Na msiwape madaktari peke yao: mtu wa usingizi, nesi wa ICU anayemgeuza mgonjwa kila baada ya masaa mawili na mtu wa mazoezi ya viungo ndio wanaofanya upasuaji wa ubongo uwe na maana, na hakuna tuzo ya nje inayowaangalia sana.

Ukikosa, waandikie uombe maoni ya waamuzi, wapo wanaotoa, afu barua ile ile irekebishe upeleke pengine. Ukipata, fungua bahasha ya risiti siku hiyo hiyo, na kila risiti ya EFD ipige picha ukishaipokea tu, maana ile karatasi inafifia na watu wa mahesabu wa mfadhili hawatakuelewa ukiwatumia karatasi nyeupe.