Hati ya polisi ya nchi ulizowahi kuishi, kwa mwombaji aliyeko Tanga

Ukiomba kuhamia huko, Kanada hutaka hati ya polisi (inayoonyesha kama una rekodi ya jinai) ya kila nchi uliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, tangu utimize miaka 18. Kwa nchi uliyokwisha kuihama, iwe imetolewa baada ya kuondoka kwako mara ya mwisho.

Penye tabu hasa ni alama za vidole. Kwa mfano, kama uliishi Marekani, hati hutolewa na FBI (idara ya upelelezi ya huko), nayo hupokea alama zilizopigwa kwenye fomu FD-258, ada dola 18. Ukipigia alama hapa Tanga, osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa, maana jasho la joto letu hutawanya wino. Wino upakwe tabaka jembamba. Kidole kiviringishwe toka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili. Wafanyakazi wa mkonge na saruji, mistari yenu huwa imelika: pakeni losheni siku kadhaa kabla, si siku yenyewe. Jazeni fomu mbili, moja ya akiba.