Namna ya kupanga kikosi chako cha Stars kabla kocha hajatangaza cha kwake

Kijiwe chetu cha kahawa kiko jirani na uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, na kila Taifa Stars wakikaribia mashindano makubwa tuna utaratibu mmoja: kila mtu anaandika kikosi chake kwenye daftari kabla kocha hajaita waandishi wa habari, na ukishaandika hamna kufuta. Tumeanza Afcon ya 2019 na daftari lile lile bado lipo. Sasa nikilipitia naona wengi wanakosea sehemu moja, wanaanza na majina. Mtu anaandika wachezaji wote anaowapenda alafu ndo anatafuta pa kuwaweka, unakuta ana viungo tisa na namba tatu, yaani beki wa kushoto, mmoja, huyo namba tatu akila kadi mbili za njano basi timu imekwisha.

We anza na hesabu. Misri 2019 ilikuwa wachezaji 23. Ivory Coast, ile Afcon ya 2023 iliyochezwa Januari 2024, ikawa mpaka 27. Morocco 2025 ikawa mpaka 28. Kombe la Dunia nalo lilikuwa 22 mpaka 1998, likaja 23 kuanzia 2002, Qatar 2022 wakaruhusu 26. Nafasi zimeongezeka ila uwanjani wanaanza 11 na sab, yaani wa kuingia kubadilisha, ni tano, kwa hiyo kwenye kikosi cha 28 hata kocha akimaliza sab zote kuna watu 12 hawagusi mpira siku hiyo. Ukiandika kikosi chako lazima ujue hao 12 umewabeba kwa kazi gani.

Chukua karatasi, chora uwanja, weka nafasi 11 kwa mfumo unaoamini Stars watacheza. Usiandike jina hata moja bado. Kila nafasi weka mistari miwili, ishakuwa 22, ongeza kipa wa tatu maana sheria inataka makipa watatu, ishakuwa 23. Zinabaki tano. Ubishi wote wa kijiweni upo kwenye hizo tano, nitazirudia.

Makipa hawana maneno mengi. Wa kwanza ni yule anayecheza kila wiki klabuni kwake, wa pili awe amewahi kukaa golini mechi ya presha, wa tatu chagua kijana unayemkuza, akae na wakubwa ajifunze.

Mistari miwili ya kila nafasi ndo panapotaka akili. Wengi wanaweka bora wa kwanza na bora wa pili. Mi nasema wa pili awe tofauti na wa kwanza. Kama winga wako wa kwanza ni wa mbio na kukata kuingia ndani, wa pili awe wa kukaa kwenye chaki na kupiga krosi, ili kocha akimwita anyanyuke mpira ubadilike kweli. Ukiweka wawili wanaofanana unakuwa umebadilisha miguu tu, shida iliyopo uwanjani inabaki pale pale.

Kumbuka ile mechi ya Zambia, San Pedro, Januari 2024. Msuva anafunga mapema, dakika ya 11, Zambia wanapewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, sisi tuko 11 wao 10, alafu dakika ya 88 Patson Daka anasawazisha kwa kichwa. Hiyo siku niliangalia kwenye kibanda umiza pale Majengo na watu walikaa kimya wote. Na 2019 dhidi ya Kenya tuliongoza mara mbili, Msuva kisha Samatta, tukafungwa 3-2. Hizo mechi mbili ndo zinanifundisha kuandika kikosi. Unapoongoza unahitaji mtu wa kuutuliza mpira, kiungo asiyepaniki anayejua kuomba mpira akiwa amebanwa, na beki mrefu wa kuingia dakika ya 80 kuondoa krosi. Sasa angalia orodha yako, hao watu wapo? Kama hawapo futa straika wa tano uwaweke.

Baada ya hapo andika wapinzani wa kundi lako pembeni ya karatasi. Morocco 2025 tulikuwa na Nigeria, Tunisia na Uganda, tukafungwa 2-1 na Nigeria, tukatoa sare ya 1-1 na Uganda na 1-1 na Tunisia, pointi mbili, tukapita kwenye mtoano kwa mara ya kwanza tangu tuanze kwenda Afcon mwaka 1980. Kule Rabat wenyeji wakatutoa 1-0. Ukisoma hayo matokeo unaona Stars ikienda Afcon muda mrefu inakaa nyuma inakaba, inasubiri kaunta. Hiyo ndo kazi yenyewe, sasa mchague mchezaji kwa kazi hiyo.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ni jambo linaloniuma. Sisi tukichagua tunavaa jezi za Simba na Yanga. Beki wa Simba au Yanga mechi nyingi za ligi anacheza akiwa katikati ya uwanja, timu pinzani imepaki basi, kazi yake ni kupiga pasi za kufungua. Kwenda kukaa chini dakika 70 unakimbizwa na Osimhen, straika wa Nigeria, ni kazi nyingine kabisa. Beki wa Dodoma Jiji au wa timu yoyote ya mkoani hiyo ndo ajira yake ya kila wiki, anakaa nyuma, anasogea na mwenzake, anaondoa kona 12 kwa mechi, tunamuona hapa Jamhuri kila siku jua likiwaka na vumbi likipeperuka. Sisemi awe wa kwanza, nasema apewe mstari wa pili. Alafu tuwe wakweli, wa Simba na Yanga nao wana kitu ambacho wa mkoani hana, wanacheza michuano ya klabu za Afrika ya CAF, wameshakaa mbele ya mashabiki elfu hamsini ugenini wakizomewa. Kwa hiyo kwa kila jina jiulize maswali mawili tu: amecheza dakika ngapi kwenye mechi nane za mwisho, na kazi anayoifanya klabuni inafanana na kazi utakayompa Stars? Mtu anayekaa benchi klabu kubwa miezi mitatu, mi simuandiki, hata kama jina lake linajaza basi.

Wanaocheza nje wapime vivyo hivyo. Kucheza Ulaya peke yake sio tiketi. Ila kuna watu kama Novatus Miroshi, huyo ni kiraka wa kweli, amecheza beki wa kushoto, beki wa kati na kiungo mkabaji, mtu mmoja anaziba mistari mitatu ya karatasi yako. Ukiwa na viraka wawili wa hivyo zile nafasi tano za mwisho zinapumua. Mchezaji aliyezaliwa nje kama Haji Mnoga aliyezaliwa Uingereza, angalia kwanza pasipoti yake na kama hajabanwa kwa kuichezea timu nyingine ya taifa, ndo uandike, maana nimeona kijiweni watu wanaandika majina ya vijana ambao hawana hata kibali cha kutuchezea.

Usichanganye CHAN na Afcon pia. CHAN ni ya wanaocheza ligi ya nchini kwao tu, ile ya Agosti 2025 tuliyoandaa na Kenya na Uganda tulifika robo fainali, Morocco wakatutoa 1-0. Inasaidia kujua nani wa ndani anaweza mikiki ya kimataifa, lakini kule hakukuwa na wa Ulaya, kwa hiyo mtu aliyeng'ara CHAN mpe alama, usimpe nafasi moja kwa moja.

Haya, zile tano. Mi nazigawa hivi. Mmoja ni beki wa kati wa tano, kwa sababu mabeki wa kati ndo wanakula kadi na kuumia, na mfumo ukibadilika kuwa mabeki watatu nyuma wanne hawatoshi. Mwingine ni kiungo wa kutuliza niliyemsema. Wa tatu ni mpigaji wa mipira iliyokufa, faulo na kona, kwa timu inayopata nafasi mbili kwa mechi huyo ana thamani kuliko straika. Wa nne ni mtu wa mbio wa kuingia mwisho wapinzani wakiwa wamechoka. Wa tano nampa mkongwe, mtu aliyeshapita Afcon mbili tatu, hata kama hachezi, kwa sababu kambi ya wiki tano inachosha na vijana wanahitaji wa kuwaongoza vyumbani. Kwenye hili la tano tunabishana kila mwaka na mzee mmoja wa Chang'ombe, yeye anataka kijana wa miaka 19 apate uzoefu, na hoja yake haina ubaya, ila mi nabaki na mkongwe.

Kabla hujaweka peni chini hesabu wapiga penati. Mtoano unaweza kufika dakika 120, na hapo anayepiga ni yule aliyebaki uwanjani. Kama wapigaji wako wote ni watu unaowatoa dakika ya 70, rudi kwenye karatasi.

Andika na watano wa akiba chini ya mstari. Kombe la Dunia la Qatar timu zilituma kikosi cha awali cha watu mpaka 55, na aliyeumia aliruhusiwa kubadilishwa mpaka saa 24 kabla ya mechi ya kwanza, kipa hata baada ya hapo. Wa akiba awe wa nafasi ambayo mtu wako ni majeruhi wa mara kwa mara.

Kwenye daftari letu jina likilingana na la kocha unapata alama moja, na yule mchezaji akiingia uwanjani unaongezewa mbili, ndo maana anayejaza majina makubwa ya kukaa benchi hashindi. Afcon ya 2027 tunaandaa wenyewe na Kenya na Uganda, kufuzu hakuna shida, kwa hiyo ukurasa tumeshaufungua. Hadi jana jioni palikuwa na uwanja umechorwa, mistari 22 mitupu, na jina moja la kipa.