Mafuta ya taa kwenye chupa ya maji
Kama unalea watoto wa watu, iwe una kituo au umeachiwa tu mtoto wa jirani, leo hebu pitia chupa za chini ya sinki. Mafuta ya taa kwenye chupa ya maji ya kunywa, dawa ya madoa kwenye chupa ya soda. Mtoto wa miaka 2 hasomi lebo, yeye anaona soda. Hamishia juu, kwenye kabati lenye kufuli.

Na akishakunywa, usimtapishe, wala usimpe maziwa (najua, ndiyo tunayokimbilia wote). Mafuta ya taa yakirudi kooni huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Mvue nguo zilizolowa, mkimbize hospitali, na ile chupa uende nayo.