Somo: Kuitungia Muziki Mpya Bendi ya Wanafunzi ya Ala za Kupuliza

Hatua ya kwanza. Kabla hujaandika hata nota moja, hudhuria mazoezi mara mbili au tatu, ukae katikati ya wapigaji, na uandike daftarini kila mmoja anafika sauti gani ya juu bila kukaza shingo. Orodha ya ala utakayopewa ofisini haitakuambia kwamba oboe ipo kabatini lakini mpigaji wake amekwisha kuhitimu.

Hatua ya pili. Chagua ufunguo, yaani nota ambayo wimbo umejengwa juu yake, unaowafaa. Sauti ile ile moja huandikwa kwa majina tofauti kwa kila ala: B-flati ya piano huandikwa C kwa klarineti na tarumbeta, G kwa saksofoni alto, na F kwa honi. Ndiyo maana B-flati na E-flati huwapunguzia wanafunzi mzigo wa shapu na flati, yaani alama za kupandisha na kushusha nota.

Hatua ya tatu. Chunga sana pale klarineti inapovuka kutoka A kwenda B katikati ya mistari ya nota, kwa sababu hapo ndipo watunzi wengi tunapowaumiza watoto. A hutolewa kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto peke yake, ilhali B inadai matundu yote yafunikwe kwa mara moja, na kidole cha pete kikiacha upenyo mdogo tu, sauti hukwaruza. Mwanafunzi anaweza kuviweka vidole vya mkono wa kulia juu ya matundu yake tangu akiwa kwenye A, nayo A haitaharibika. Basi mwandikie A ndefu kidogo ili apate nafasi ya kujiandaa.

Hatua ya nne. Wapumzishe wapiga tarumbeta na honi, kwa kuwa midomo iliyochoka hairudi kwa kuhimizwa.

Hatua ya tano. Siku ya kwanza ya mazoezi, waimbishe kwa solfa kabla hawajapuliza. Karatasi zao zina nota tofauti, lakini wote wataimba “do” ile ile, na hapo ndipo wanapoanza kusikilizana.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, tuna tarumbeta kumi na klarineti tatu, nazo klarineti hazisikiki kabisa. Tufanyeje?

Ndugu yangu, usiwaambie tarumbeta wapige kwa sauti ndogo, maana anayejifunza akibana pumzi sauti hushuka na kuyumba. Waandikie mapumziko klarineti zinapobeba wimbo, au wabakize tarumbeta wawili tu.

Je, wanafunzi wa sekondari si bora wapewe nyimbo wanazozijua?

Wapewe zote, wanazozijua na mpya. Frank Battisti, alipokuwa akiongoza bendi ya sekondari ya Ithaca, jimboni New York, katika miaka ya 1950 na 1960, aliwaagizia wanafunzi wake tungo mpya mara kwa mara kutoka kwa watunzi wakubwa, akiwemo Vincent Persichetti. Mimi naamini kijana anayemwona mtunzi akifuta nota kwa sababu ya kidole chake yeye huishika kazi ile kama yake.

Shikamoo Mwalimu. Naruhusiwa kubadilisha baada ya kugawa karatasi?

Marahaba. Unaruhusiwa, ila kusanya karatasi za zamani zote na uandike tarehe kwenye kona ya kila mpya; nimewahi kufika siku ya onyesho nikakuta nusu ya tromboni zinasoma toleo la mwezi uliopita.