Mgonjwa au ndugu akikujia juu: fanya hivi

Haya ni kwa wauguzi, matabibu na watu wa mapokezi, hasa wa zamu ya usiku, foleni inapofika mlangoni. Ukali hospitalini mimi naushughulikia kama homa: kwanza natafuta kilichouleta.

1. Andaa chumba mapema. Kaa karibu na mlango, mgonjwa asikuzibie njia. Mikasi na chupa za kioo zisikae mezani. Stethoskopu itoe shingoni, ni kitanzi hiyo.

2. Mkali akiwa mgonjwa mwenyewe, mpime. Anza na sukari, kisha oksijeni na joto. Sukari ikishuka, mtu mpole anaweza kukurushia ngumi. Malaria kali, jeraha la kichwa na kifafa huleta hali hiyohiyo, na mnywaji sugu aliyekatishwa pombe ghafla huweweseka na kupigana. Bibi aliyechanganyikiwa tangu jana tu, angalia maambukizi na kama mkojo unatoka. Nimechoka kusikia "kalewa huyo" kabla hata kipimo hakijatolewa kwenye droo. Pombe yenyewe hushusha sukari!

3. Mkali akiwa ndugu, aongee naye mtumishi mmoja tu. Simama hatua mbili tatu mbali naye, pembeni kidogo, mikono ionekane. Akiwa mtu mzima, salamu kwanza, hata kama anafoka:

"Shikamoo mzee. Mimi ndiye nesi wa zamu. Naona mmesubiri sana na mama anaumia, poleni. Daktari yuko na mtu anayevuja damu. Nitarudi kuwaambia tulipofikia baada ya dakika kumi na tano."

Dakika hizo zikifika, rudi, hata kama huna jipya. Wengi hawapandwi na hasira kwa kusubiri. Wanapandwa kwa kuona aliyekuja nyuma yao anaingia na hakuna anayewaeleza kwa nini. Waambie wazi kwamba aliye hatarini zaidi ndiye anayetangulia. "Tulia wewe" na "huumwi peke yako" usiyatamke kabisa.

Wakija ukoo mzima, waombe wachague msemaji. Habari ya kifo itolewe faragha, watu wameketi, na suala la bili lisiguswe hapo.

4. Akishika kitu cha kukudhuru, au akianza kukusogelea huku amekunja ngumi, mazungumzo yameisha. Toka, ita mlinzi na wenzako, wasogeze wagonjwa wengine. Usimkimbize anayeondoka.

Sindano ya kutuliza ni kwa agizo la daktari, na baada yake upumuaji uangaliwe kwa karibu. Ikilazimu kumshika mgonjwa, asilazwe kifudifudi wala asikaliwe mgongoni. Watu hukosa pumzi wakafa hivyo.

5. Andika kwenye daftari la matukio siku hiyohiyo: saa, mahali, alichosema kwa maneno yake, mlichofanya. "Mgonjwa msumbufu" haimsaidii anayepokea zamu. Ukijeruhiwa, tibiwa, na kwa Tanzania chukua pia PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) kituo cha polisi, maana bila hiyo kesi yako itakuwa ngumu. Mwenzako aliyepigwa au kutukanwa asirudishwe kwa mgonjwa yuleyule usiku huo, badilishaneni vitanda mnavyohudumia.