Folda za programu za potabo: zipange vizuri ili kuapdeti kusikutese

Programu za potabo ni tamu, unapakua zipu unaifungua na kazi inaanza bila kuinstoli chochote, ila flashi za watu wengi ukizifungua unakuta folda tatu za programu ile ile na kila moja ina seting'i zake, sasa hapo utaapdeti ipi?

Anza na folda moja mama, mfano D:\Programu. Usiiweke ndani ya Program Files jamani, kule Windows inadai ruhusa ya admin kuandika, na programu ya potabo kazi yake ni kuandika seting'i humo humo kwenye folda yake, ndio maana unabadilisha kitu leo kesho ukifungua hakipo. Kila programu ipewe folda yake yenye jina tupu, bila namba ya toleo. Hili nalisisitiza sana, maana ukiweka namba kwenye jina basi kila ukiapdeti shotikati zinakufa. Namba iandike kwenye toleo.txt humo ndani, pamoja na tarehe na linki ulikopakulia.

Halafu jua vitu vyako vinakaa wapi, hapa ndio penyewe. Programu za PortableApps.com zimeshakutenganishia, App ni programu yenyewe na Data ni vyako, na menyu yao inakuapdetia. VS Code (programu ya kuandikia kodi) ya zipu unatengeneza folda iitwe data, ikae pembeni ya Code.exe, seting'i na ekstensheni zote zinaingia humo. Notepad++ (ya kuandikia maandishi) yenyewe inaangalia kama kuna faili la doLocalConf.xml, likiwepo seting'i zinabaki kwenye folda, likikosekana zinaenda AppData, yaani folda ya Windows ya kutunzia seting'i, ya kompyuta uliyokaa nayo, na ukihamia mashine nyingine unakuta kila kitu kimerudi upya.

Siku ya kuapdeti funga programu kabisa, cheki na kule chini karibu na saa isije ikawa bado inaendelea. Folda ya sasa ibadilishe jina, mfano VSCode iwe VSCode_zamani, kisha zipu mpya ifungue kwenye folda mpya yenye jina lile lile la mwanzo, VSCode, halafu kopi data kutoka ya zamani uipeleke kwenye mpya. Usimwage zipu mpya juu ya folda ya zamani hata kama ni haraka, mafaili ambayo toleo jipya limeshayaacha yanabaki humo, na DLL (faili la msaada ambalo programu inalitegemea) ya zamani ikigongana na mpya utahangaika kutafuta tatizo usilione. Tumia siku kadhaa, ukiona iko poa ndio ufute ya zamani.

Kabla ya kufungua zipu yoyote, kama tovuti imeweka hashi (mlolongo wa herufi na namba unaoonyesha kama faili limebadilika) linganisha, andika certutil -hashfile jina.zip SHA256 kwenye CMD, lile dirisha la kuandikia amri, ni sekunde chache tu.

Shotikati za flashi nazo zinasumbua kwa sababu leo ni E: kesho ni F:, kwenye kompyuta yako ingia Disk Management ya Windows uipe flashi herufi ya mbali kwenye alfabeti kama P: ibaki hiyo hiyo. Bakapu chukua folda za data na toleo.txt tu, programu zenyewe utazipakua tena, linki si zipo kwenye toleo.txt.